Buti la Namba Thelathini na Sita

Kila alasiri, akishatoka shuleni na kula, Zeina alishika kitambaa akafuta viatu katika duka la baba yake, Nasor. Vumbi la Kariakoo halina adabu: ukilifukuza kwenye raba, linahamia kwenye sandali. Duka lenyewe lilikuwa jembamba, limejaa viatu hadi juu, na lilikuwa na desturi yake. Rafuni uliwekwa mguu wa kulia peke yake. Wa kushoto ulibaki ndani ya boksi, stoo, chini ya ulinzi wa Mzee Uwesu.

"Mwizi akiiba mguu mmoja, ataenda nao wapi?" Mzee Uwesu alipenda kusema, kisha akacheka mwenyewe. Alikuwa akifanya kazi hapo tangu Zeina hajazaliwa, na kila boksi alijua lilipo.

Juma moja klabu ya jiografia ya shuleni kwao ilikuwa inasafiri kwenda Mbeya kupanda Mlima Ngozi, mlima wa volkano wenye ziwa ndani ya kilele chake. Zeina alijawa na furaha hadi usingizi ukamkimbia. Jambo moja tu lilimkera. Raba zake zilikuwa zimechakaa, na dukani kulikuwa na mabuti ya kahawia yenye soli nene ambayo alikuwa ameyafuta vumbi mwezi mzima.

"Baba, naomba niende na yale mabuti."

"Yale ni ya wateja, mwanangu. Halafu kiatu kipya hakipelekwi mlimani. Raba zako zimeshauzoea mguu wako."

"Sawa, baba," Zeina aliitikia, lakini moyoni hakukubali. Jioni, Mzee Uwesu alipokwenda kuswali, akaingia stoo. Boksi zima likitoweka, mzee angejua mara moja, aliwaza, lakini likibaki mahali pake, nani atalifungua? Akalipata la namba thelathini na nane, namba yake, akatoa mguu wa kushoto. Wa kulia akauchukua kwenye rafu ya mlangoni. Katika haraka yake alisahau kwamba buti kama hilo lilikuwapo pia kwenye rafu ya ndani, na hilo la ndani ndilo lililokuwa la namba yake. Atayarudisha yakiwa safi, alijiambia, utadhani matope ya mlimani yalikuwa yamemwahidi kumkwepa.

Safari nzima alivaa ndala. Asubuhi ya kupanda mlima ndipo alipoyavaa mabuti. La kushoto liliingia vizuri. La kulia liligoma, na alipolilazimisha vidole vilikunjamana. Akaligeuza asome soli: thelathini na sita! Raba zake zilikuwa Kariakoo, chini ya kitanda. Akafunga kamba, akanyamaza.

Kiongozi wao alikuwa Mama Tupokigwe, mkulima wa viazi aliyezoea kuwapandisha wageni. Njia ilipita katikati ya mashamba ya viazi mviringo na kabichi, na baridi iliwafanya watoto wa Dar watoe mvuke mdomoni na kuchekana. Mashamba yalipoishia na msitu kuanza, Mama Tupokigwe alisimama.

"Hapa ndipo pa kusema. Mwenye maumivu yoyote, hata lengelenge dogo, aseme sasa. Na mnakwenda wawili wawili. Mmoja akirudi, mwenzake anarudi naye."

"Hakuna!" watoto waliitika. Zeina aliitika kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mwenzake alikuwa Anifa, rafiki yake wa dawati moja. Tangu Mwalimu Polycarp, msimamizi wa klabu, alipowaonyesha picha ya ziwa lile, Anifa alikuwa amelichora kurasa tatu za daftari.

Msituni njia ilikuwa ya matope na mizizi, tena ilipanda bila huruma. Kila hatua kidole gumba cha Zeina kiliwaka moto. Anifa alimpokea begi.

"Jikaze, shoga yangu! Wenzetu wanatuacha!"

Zeina alijikaza mpaka akashindwa, akakaa juu ya mzizi. Mwalimu Polycarp na Mama Tupokigwe wakarudi nyuma kuwatazama.

"Umechoka?" Mwalimu aliuliza. "Kama umechoka, nitarudi na wewe na Anifa. Si aibu."

Kuitikia kwa kichwa tu kungetosha, na siri ingebaki siri. Lakini Zeina alimwona Anifa akiangalia njia iendayo juu, machozi yakimlengalenga, asiseme neno la lawama. Roho ilimuuma kuliko kidole.

"Sijachoka, Mwalimu," alisema. "Mabuti haya si yangu. Niliyachukua dukani kwa baba bila ruhusa, na hili moja ni dogo. Pale chini nilidanganya."

Mama Tupokigwe alipiga goti, akamvua. Soksi ilikuwa na damu, na ukucha ulikuwa umeanza kuwa mweusi.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema bila ukali. "Ungesema shambani, ningekuazima viatu vya binti yangu. Sasa hata kushuka hutaweza hivi. Nikilikata buti hapa mbele, vidole vitapata nafasi, na kileleni si mbali. Lakini likishakatwa, baba yako hataliuza tena. Sema wewe."

Zeina alimsogezea buti. "Kata, mama."

Kisu kikapita. Mama Tupokigwe akachana kipande cha khanga yake, akamfunga vidole, na Anifa akamshika mkono. Walikwenda polepole, wa mwisho kabisa, hadi miti ilipoachana na chini yao likatokea ziwa, kijani na tulivu, limezungukwa na kuta za msitu.

"Zeina, ndilo hilo!" Anifa alipaza sauti, akamkumbatia. Zeina alilia kwa shukrani. Alimgeukia Mama Tupokigwe.

"Kwenu mnasemaje asante sana?"

"Ndaga fijo."

"Ndaga fijo, mama."

Siku waliporudi Dar, Zeina hakusubiri kuulizwa. Alipitiliza hadi dukani, akamwekea baba yake mabuti mbele, yametapakaa matope na moja limekatwa, akaeleza yote.

Nasor alilichukua lile lililokatwa, akaligeuzageuza. "Juzi alikuja mteja kutoka Upanga akitaka namba thelathini na nane," alisema hatimaye. "Mzee Uwesu akafungua boksi, tupu. Nilimgombeza mbele ya watu. Nilimwambia uzee umemshinda."

Mzee Uwesu alikuwa amesimama mlangoni pa stoo. Nasor akamwendea. "Mzee wangu, nisamehe. Nilikuhukumu kabla ya kuuliza."

Zeina hakuwahi kumwona baba yake akiomba radhi namna ile. Akasogea, kichwa chini. "Shikamoo, babu. Kosa ni langu. Nisamehe."

"Marahaba, mjukuu wangu." Mzee alimwinua kidevu. "Tangu juzi nimekuwa nikidhani kweli akili zimeniishia. Asante kwa kunirudishia." Akavuta kigoda. "Haya, kaa nikione hicho kidole."

Zeina alikaa. Baba yake akachuchumaa karibu naye.

"Nashukuru umesema mwenyewe," Nasor alimwambia. "Lakini lishike hili, mwanangu. Buti lilikubana wewe kwa saa chache, na uchungu wake uliuona. Uongo wako ulimbana mtu asiye na kosa, huku Kariakoo, wakati wewe uko mbali na hujui. Ndiyo sababu ukweli husemwa mapema."