Mashine ya Misumari ya Mama Mdogo Tabu

Kila alasiri Munira akitoka shule hubadili sare, hula haraka haraka, kisha hukimbilia uani kumshikia mbao mama yake mdogo, Tabu. Pale Mwananyamala hakuna asiyeyajua makasha ya Tabu. Jamani, mwanamke yule ana mikono! Akiunga pembe mbili za mbao, hata wembe haupiti.

Lakini mwezi huu kiwiko chake kilivimba kwa kugonga nyundo, na kasha la harusi ya Raudha, binti wa jirani, lilitakiwa Alhamisi. Lisipokuwa tayari, bi harusi angeingia kwa mumewe na kasha la kuazima. Aibu iliyoje! Basi Jumamosi wakaenda Keko kununua mashine ya kupigia misumari, ya kwanza maishani mwa Tabu.

Muuzaji, kijana aitwaye Mbwana, akanyanyua mashine kubwa nyekundu. Paa! Msumari mrefu ukazama kwenye boriti.

"Mama mdogo, hiyo hiyo!" Munira akaruka, akaushika mdomo wa mashine kwa furaha.

"Kizuri chajiuza, sista," Mbwana akatamba.

"Na kibaya chajitembeza," Tabu akamjibu akicheka. Akatoa mkobani kipande chembamba cha mbao ya mninga, mabaki ya lile kasha. "Hebu nipigie kwenye hiki."

Paa! Kipande kikapasuka katikati. Munira akanywea.

"Na nikifyatua bila kugusa mbao?" Tabu akaichukua mashine, akaielekeza kwenye ndoo ya mchanga iliyokuwa mlangoni pa duka, akabonyeza. Msumari ukachoma mchanga. Munira akautazama mkono wake, ule ule aliokuwa ameshikia mdomo wa mashine.

"Kwa nini msumari umetoka?" Tabu akauliza.

Mbwana akajikuna kichwa. "Kuna kizuizi cha mdomoni, msumari usitoke mpaka mdomo uguse mbao. Nimekifunga kwa waya. Mafundi wanapenda kazi ya haraka, hawataki kusumbuka."

"Mtoto angetobolewa mkono, mdogo wangu, ungemwambia nini mama yake? Ufungue waya huo kabla hujamuuzia mtu."

"Nisamehe, dada. Haki ya Mungu, sikufikiria." Mbwana akachukua koleo, akaukata papo hapo.

Kisha akaleta mashine ndogo ya betri, yenye visumari vyembamba visivyo na vichwa. Tabu akaifyatua juu ya mchanga: kimya. Akaigandamiza kwenye mninga: kisumari kikazama, mbao haikupasuka. Akainunua hiyo, pamoja na miwani ya kukinga macho.

Jumatano jioni akina mama walikuja kulichukua kasha kwa vigelegele. Munira alikuwa akilipapasa, hataki kuliachia.

"Mama mdogo, ulijuaje ile kubwa haifai?"

"Sikujua, mwanangu. Ndiyo maana nilijaribu." Tabu akamfuta vumbi la mbao usoni. "Ukinunua chombo, kijaribu kwa kazi yako, usidanganyike na kazi ya muuzaji. Na chombo kisichojali vidole vyako, hata ukipewa bure, kikatae."