Upande wa Mama Mdogo kwenye Jani

Kila nilipotoka shule nilikuta kazi zilezile: kuchota maji, kuokota kuni, kumenya ndizi, kisha kuanua kahawa iliyokuwa ikikauka mkekani. Zamani tulizifanya wawili, mimi na mama mdogo Evelyne. Lakini nilipokuwa darasa la sita, kuanzia mwezi wa tano, nilizifanya peke yangu. Mama mdogo alikaa barazani kwenye cherehani yake, mguu juu ya kikanyagio, na kikanyagio hakikusogea.

"Kemi, leo niache kidogo," alisema. "Nitakusaidia kesho."

Kesho yake alisema hivyohivyo.

Nilijua kwa nini amechoka. Nyumbani kwetu Izigo tulikuwa watatu tu: Bibi Kokwijuka, mama mdogo na mimi, Kemilembe. Bibi hakujua lolote. Mimi nilijua, na siri ile ilinielemea kuliko ndoo ya maji.

Mama mdogo alikuwa fundi hodari. Wanawake walitoka hadi Muleba mjini kumletea vitenge. Sendofu yake, ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, ilipangwa kufanyika Bukoba mwezi wa saba. Akanunua kitambaa cha rangi ya dhahabu, akajishonea gauni. Ila hakulikata kwa kipimo cha mwili wake. Alilikata kwa kipimo cha mwili alioutamani, wala hakuacha akiba kwenye mishono.

"Mama mdogo, hili halikuingii," nilimwambia alipolijaribu.

"Litaniingia. Kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Mwili ndio utakaopungua."

Siku chache baadaye alikwenda Bukoba kwa mwanamke mmoja aliyemwona kwenye matangazo ya simu. Alirudi na kichupa cha matone ya kuweka chini ya ulimi.

"Hii ni homoni," alinieleza kwa fahari. "Si majani ya kuchemsha haya. Inayeyusha mafuta yenyewe. Ila ameniambia nile kidogo sana, yai na tango, basi. Na Bibi asijue, atanipigia kelele mpaka harusi ipite."

Shida ilikuwa chakula cha jioni. Kwetu hatupakui kwenye sahani. Bibi humimina ebitoke, ndizi zilizopikwa na maharage, juu ya jani la mgomba lililopashwa moto. Tunalizunguka, kila mtu anakula upande wake, na upande usiopungua unaonekana mara moja. Kwa hiyo mama mdogo aliniomba nikae karibu naye, nile upande wangu na wake pia.

"Wewe bado unakua," alininong'oneza. "Vuta taratibu tu. Bibi haoni vizuri."

Nikavuta. Nilivuta jioni ya kwanza na ya pili, nikaendelea hivyo wiki tatu. Ajabu ni kwamba chakula kilizidi kuwa kingi. Nililala tumbo likiniuma, nikaamka mzito, nikasinzia kwenye hesabu.

"Kemi, siku hizi unatembea kama mbuzi aliyemeza gunia," alinitania rafiki yangu Annastella.

"Nakula kwa ajili ya watu wawili."

"Huyo wa pili nani?"

Nikageuka nikaingia darasani. Hata kujibu kulinichosha.

Jumamosi moja asubuhi mama mdogo alikuwa akimpima mteja kiuno. Aliinama kuandika, akainuka, akapapasa ukuta, akaanguka chini. Paji la uso liligonga chuma cha cherehani. Mteja na mimi tulimbeba hadi barabarani, tukapata pikipiki mbili, tukamfikisha zahanati. Bibi alitufuata kwa miguu, rozari mkononi.

Tabibu Mutalemwa alimpima malaria, hakuna. Alipompima sukari, ilikuwa imeshuka mno. Akamtundikia dripu, kisha akamgeukia Bibi.

"Mama, huyu anakula?"

"Anakula, waitu," Bibi alijibu kwa heshima ya Kihaya. "Hata jana alimaliza upande wake wote. Nimeona kwa macho yangu."

Mama mdogo alifumba macho, akanibana kiganja. Nilielewa: nyamaza.

Tabibu alikunja uso. "Kama anakula vizuri na bado yuko hivi, huenda ni ugonjwa mkubwa. Itabidi aende hospitali, afanyiwe vipimo vingi."

Bibi alikaa chini. Akaanza kusali rozari. Nilimtazama, nikamtazama mama mdogo, nikahisi siwezi kubeba tena.

"Si yeye aliyekula," nilisema. "Ni mimi. Yeye anakula yai na tango. Na kuna matone."

Mama mdogo aliachia kiganja changu. Alilia bila sauti, kisha akatoa kichupa kwenye mkoba wake, akampa tabibu.

Tabibu alikigeuza huku na huku. "Homoni wanayoitangaza hapa hutengenezwa na mwili wa mama mjamzito. Hakuna uthibitisho kwamba inayeyusha mafuta. Tena kichupa hiki hakina hata jina la kiwanda. Hatujui umekuwa ukimeza nini."

"Lakini nilipungua kweli, daktari."

"Mtu anayeshinda na yai moja atapungua hata akinywa maji ya mvua. Kilichokupunguza ni njaa, na njaa hiyohiyo ndiyo iliyokuangusha. Ukitaka kupunguza uzito, njoo tupange chakula na mazoezi. Nguo ikikubana, ongeza nguo."

Mama mdogo alilala pale siku mbili. Aliporudi alifumua gauni pande zote mbili, akaongeza vipande vyeusi. Alishona polepole, akipumzika mara kwa mara, lakini kikanyagio kilisogea.

Jioni ile Bibi alitandika jani kama kawaida. Nilipotaka kukaa mahali pangu pa siku zote, alinisogeza, akakaa katikati yetu.

"Macho yangu ni mabovu, lakini si kiasi hicho," alisema. "Niliuona mkono wako ukivuka. Nikadhani ni njaa ya mtoto anayekua, nikawa naongeza ndizi mshibe nyote wawili."

Mama mdogo aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Mama. Na wewe Kemi, nisamehe. Nilikubebesha mambo ya watu wazima."

"Umesikia, Kemilembe," Bibi alisema. "Siri inayomuumiza mtu usiitunze, hata kama aliyekukataza kusema ni mkubwa wako. Ungeniambia siku ya kwanza, asingeanguka. Ila ulisema pale zahanati, na hilo limetuokoa. Sasa kuleni."

Nikala upande wangu mpaka nikashiba, nikaacha. Upande wa pili, mama mdogo alikuwa bado anakula.