Kisu Nilichokichagua kwa Kung'aa

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa kilima kilicho juu ya soko la Keumbu. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havikunjiki. Anayeniuliza humwambia nilibanwa na mlango wa lori. Uongo mtupu! Leo nasema kweli, na atakayenitukana na anitukane, nimestahili.

Baba alikufa nikiwa darasa la pili. Kaka yangu Mokaya, aliyekuwa karibu kuwa mwanamume, aliacha shule akashika jembe. Pareto aliyoichuma yeye ndiyo iliyonivisha kaptula ya shule. Wenzake wote walioa, yeye akangoja mpaka nimalize masomo. Ndipo akamwoa Kerubo, msichana mpole kutoka Kebirigo. Ni ndugu wangapi wa namna hiyo mnaowajua?

Mimi nikapata kazi ya kupakia ndizi kwenye malori pale Keumbu. Tulikuwa tumepata uhuru juzi tu, na kila kijana alijiona bwana mkubwa. Nilipopokea mshahara wa kwanza sikuwaza sukari ya mama wala shati la Mokaya. Nilikwenda Kisii mjini kununua kisu cha kukunja!

Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye miwani minene, alinitandazia viwili juu ya meza. Cha kwanza kilikuwa na mpini wa mti, kizito, kibaya kwa sura. Ukikifungua, makali yalishikwa na kichuma na hayakurudi mpaka ukibonyeze. Cha pili kilikuwa na mpini wa alumini, chepesi, kinang'aa hata niliyaona meno yangu humo. Hakikuwa na kichuma chochote cha kuzuia makali.

"Chukua ya mti, bwana," mzee aliniambia. "Hii ya alumini ikilowa maji inateleza. Tena inajifunga yenyewe."

Nilicheka. Nikamwuliza kama ameniona mvuvi, maji nitayapata wapi? Nikachukua cha alumini. Ukweli ni kwamba nilitaka kisu cha kuonekana nacho, sikuwaza kukata kitu.

Mwezi mzima nilikuwa kero. Nilimenya miwa hadharani, nilisafisha kucha mbele ya wasichana wa sokoni, nilikifungua na kukifunga hata wazee wakizungumza. Mama alikichukia kisu kile tangu siku ya kwanza. Mokaya alicheka tu, akasema nitakua.

Kisha ikaja siku ya risaga. Kwetu, mtu mwenye kazi kubwa shambani hupikisha pombe ya wimbi, na majirani huja na majembe yao kumsaidia. Hiyo ndiyo risaga. Mokaya alikuwa amepata miche ya majani chai, akaita watu wachimbe mashimo. Kerubo alikuwa na mimba ya kwanza, lakini alipika tangu alfajiri pamoja na mama.

Alasiri chungu kikatolewa uani. Wenzetu walikuwa bado wanamalizia mistari ya juu, nyuma ya migomba. Chunguni tulikuwa watatu tu: Mokaya mwenye nyumba, mimi, na jirani yetu Ombongi, rafiki yangu wa damu ambaye tulitahiriwa msimu mmoja.

Kwetu pombe hunywewa kwa mirija mirefu, kila mwanamume na wake. Mrija wa Mokaya ulikuwa wa marehemu baba. Wazee walimkabidhi siku ya kumaliza matanga, kwa kuwa ndiye aliyebaki mkubwa wa boma. Hakuna aliyeugusa ila yeye. Mimi nilijua hayo tangu utotoni!

Ombongi akanitania. Aliuliza kama hicho kioo changu kinaweza kukata kitu kigumu kuliko ndizi. Mimi, kichwa kikiwa tayari chepesi, nikakifungua. Na kitu kilichokuwa karibu nami kilikuwa ule mrija, mdomoni mwa kaka yangu... Nikaukata vipande viwili.

Nilicheka peke yangu.

Mokaya aliutazama mrija. Kisha alinyanyuka akanizaba kofi lililoniangusha kifudifudi kando ya chungu, pombe ikanimwagikia mikononi. Akaniambia kwamba nimemkata baba. Akanipiga teke la mbavu. Alikuwa na haki! Ningelala pale pale, ningelia, ningeomba msamaha, leo ningekuwa na kaka.

Nikainuka na kisu. Nilimchoma chini ya mbavu za kushoto, kikazama hadi mpini. Nikakichomoa nikamchoma tena! Mara hii mkono uliolowa pombe na damu uliteleza kwenye ile alumini, kisu kikagonga mfupa, makali yakajikunja yakanifungia vidole. Niliona mifupa yangu mwenyewe, myeupe kabisa. Mokaya alianguka juu ya chungu, kikapasuka, pombe na damu vikatiririka pamoja mpaka mlangoni kwa Kerubo.

Ombongi maskini alituingilia kati. Alinibandua kisu vidoleni akawa amekishika, hajui akitupe wapi. Ndipo wanawake walipotoka jikoni wakapiga mayowe, na wachimbaji wakaja mbio na majembe. Walimwona nani? Walimwona Ombongi ana kisu chenye damu.

Na mimi nikafungua mdomo. Nikasema, "Ombongi ameniulia ndugu! Aliazima kisu changu, akamchoma! Na mimi amenikata nikimzuia!"

Wasomaji, sentensi hizo tatu zilitoka bila hata kukwama...

Walimpiga kwa mipini ya majembe. Alipiga kelele kwamba si yeye, na kila alipolitaja jina langu walizidisha. Nilisikia mguu wake ukivunjika. Nilikuwa nimesimama pale nimeshika vidole vyangu, nalia, na watu walinionea huruma mimi! Wangemmaliza kama Mokaya hangeinua mkono kutoka pale chini na kusema wamwache.

Tulimbeba Mokaya kwa machela ya magunia hadi barabarani, gari likatupeleka hospitali mjini. Aliishi siku tatu. Askari alipomwuliza ni nani aliyemchoma, mimi nikiwa nimesimama miguuni pa kitanda, Mokaya alinitazama usoni. Kisha akasema alikuwa amelewa, akakiangukia kisu mwenyewe, mara mbili. Askari alijua ni uongo, aliandika tu. Ombongi, aliyekuwa amefungiwa kituoni, akaachiliwa, lakini watu wa kilimani hawakumwachilia. Alihamia Nyakoe, mpaka leo anashona viatu huko, anatembea kwa gongo.

Mnadhani yameisha? Sikilizeni.

Kwa desturi yetu, mjane kijana harudishwi kwao. Nyumba ya marehemu husimamiwa na nduguye, na watoto watakaozaliwa huhesabiwa wa marehemu. Wazee walikaa wakaamua. Na marehemu alikuwa na ndugu gani zaidi yangu? Ningekataa, ningeulizwa sababu. Basi nikaingia katika nyumba ya mtu niliyemwua, nikalala kitandani pake. Kerubo alijifungua msichana, Moraa, mwenye paji la Mokaya hasa. Baadaye tukapata wavulana wawili. Kerubo alinipenda, jamani. Aliniambia kwamba Mungu alimwachia mkono mmoja wa Mokaya.

Mama ndiye aliyenifunga vile vidole viwili siku ile ya damu. Aliona kidonda kiko upande wa ndani, penye viungo, pale pale kisu kile kinapojifungia. Hakuuliza neno. Lakini kwetu, mwenye damu ya ndugu yake mikononi hali chungu kimoja na watu wa nyumba kabla ya kutakaswa. Tangu siku ya mazishi mama alinipakulia peke yangu, kwenye bakuli langu, na mabaki yangu aliyamwaga nyuma ya nyumba. Miaka tisa! Kerubo alidhani ni wehu wa uzee, waligombana kwa ajili hiyo. Mimi nilikula nikanyamaza.

Mwaka jana mama aliugua. Aliniita akaniambia, "Mwambie Kerubo. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimebakiwa na mmoja." Tulimzika wiki ile.

Ilinichukua mwaka mzima kupata moyo. Jumatatu iliyopita nilimfuata Kerubo kwenye majani chai, nikamwambia yote. Alitua kapu lake polepole. Aliuliza neno moja tu, kama Mokaya alijua kwamba ni mimi nitakayepewa nyumba yake. Nikamjibu kwamba sijui. Akaokota fimbo ya kunyooshea mistari akanipiga nayo, kichwani, mabegani, mdomoni, mpaka ikakatika. Sikujikinga. Meno mawili yalibaki pale shambani.

Jioni ile ile aliwachukua watoto akaenda kwao Kebirigo. Moraa alikuwa akilia, akimwuliza mama yake kwa nini baba ana damu.

Vijana mnaosoma haya, hasira ni hasara, mmeambiwa tangu utotoni. Mimi naongeza hili: ukiinua mkono kwa ujinga, usiinue na ulimi kujiokoa. Kisu changu kiliua mtu mmoja. Uongo wangu umemlemaza wa pili, umemfanya wa tatu alale na mwuaji wa mumewe, na umemnyima mama yangu kula na mwanawe hadi kaburini. Ukikosa, sema siku hiyo hiyo, hata kama majembe yako juu!

Nimepitia Nyakoe leo. Ombongi alinisikiliza akishona, hakuinua macho. Nilipomaliza alichukua gongo lake, akafunga kibanda, akasema twende. Naandika mistari hii ya mwisho kwenye benchi la kituo cha polisi. Ombongi ameketi kando yangu, na askari ameniita jina mara mbili.