Kwa Bibi Hakutemwi

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Maji yamekupwa, wanawake wa Munje wako mwambani na vyuma vyao wakichokoa pweza, na Tsuma ameketi juu ya jiwe anavaa mapezi ya mpira. Ilikuwa mwaka wa hamsini na nane. Kuzama na mtungi wa hewa mgongoni kulikuwa jambo geni, na watu walikuja kutazama wakicheka.

Tsuma hakuwajali. Miezi kadhaa nyuma, kakake Sefu alimfuata pweza hadi ndani ya pango la chini ya maji, asitoke tena. Mama yao, Bi Mwanarusi, hakupiga mayowe. Alikuwa na neno moja, akilirudia asubuhi na jioni: "Nipatie kaburi, mwanangu, nilifagie." Ndipo Tsuma akamwendea Mbwana, mzamiaji aliyejifunzia kazi bandarini Kilindini, akamwomba amfundishe.

Mbwana alifundisha kwa ukali. Usizuie pumzi ukipanda. Kamba ya kurudia usiiache hata ukiitwa na malaika. Hewa igawe mafungu matatu: la kuingia, la kutoka, na la balaa. Na kabla ya kuzama tema mate kwenye kioo cha miwani, usugue, usuuze, kisishike ukungu. Tsuma alitema mpaka mkono ukazoea kufanya wenyewe.

Lakini pango lile lilikuwa na mwenyewe. Huko juu, nchi kavu, lilikuwa na mdomo mwingine, na hapo watu humwekea mzimu halua, marashi na tambuu, majani yatafunwayo na popoo hadi mate yawe mekundu. Wakimwita Bibi, basi. Mbwana alikuwa ameshapeleka tambuu zake alfajiri.

"Tema hapa mate yote uliyo nayo," alimwambia Tsuma. "Humo ndani hata kikohozi ukimeze. Kwa Bibi hakutemwi."

"Nimesikia, mwalimu."

Kusikia alisikia, masikini.

Wakazama. Njia ya pango ilikuwa nyembamba na Mbwana alikuwa na kitambi chake, kwa hiyo alibaki mlangoni kushika kamba. Tsuma akaingia peke yake na tochi iliyofungwa mpira. Alijivuta kwa viwiko hadi maji yakaisha juu ya kichwa chake, akaibukia kwenye chumba cha mawe chenye hewa. Akatoa mpira wa kupumulia mdomoni.

Lo! Harufu ile! Tambuu, nyama iliyochacha, na kinywa cha mtu asiyesukutua miaka na miaka. Akashika ukuta ili asianguke, na mkono ukarudi na ute, unavutika kama mlenda. Akainua tochi.

Sefu alikuwa ameketi pale. Mwili mzima, magoti yamekunjwa, mgongo ukutani. Hakuoza wala hakuliwa na samaki. Kuanzia utosini alikuwa amegandwa na kitu chekundu, tabaka juu ya tabaka, kama ukuta unaopakwa chokaa kila Idi. Tsuma akamgusa begani. Kidole kikanata. Tabaka la juu lilikuwa bado bichi.

Yalikuwa mate.

Jasho likamtoka, kioo kikashika ukungu, haoni. Na mkono ukafanya uliozoea. Akavua miwani, akatema, akasugua, akasuuza.

Ndipo akakumbuka.

Kisha gizani, karibu na sikio lake, mtu akavuta makohozi kooni. Polepole. Kwa raha zake.

Tsuma hakugeuka. Akamkumbatia kakake na uchafu wake wote, akavaa miwani, akabana mpira menoni. Mpira ulikuwa umejaa. Kitu kizito, vuguvugu, chenye vipande vya popoo vilivyotafunwa. Kuutoa hawezi, ameshazama. Hewa iko nyuma ya mate yale.

Akameza. Akavuta pumzi. Ukajaa tena. Akameza. Njia nzima, kila pumzi na funda lake.

Ufukweni alitapika wekundu mtupu. Mbwana akautazama mchanga, akanong'ona, "Umetema?"

Tsuma akatikisa kichwa kukubali. Mwalimu akafungasha vyombo vyake, asimpe hata mkono wa kwaheri.

Waoshaji walimsugua Sefu hadi wakachoka, wengine wakatoka nje kutapika. Akasaliwa, akazikwa kando ya nyumba. Bi Mwanarusi akapata kaburi lake. Kila siku, kabla hakujapambazuka, alilifagia. Tena hakuishia kaburini. Alifagia mchanga wote, kutoka kaburini hadi kizingiti cha chumba cha Tsuma, na pembe ya leso yake haikukosa doa jekundu. Majirani wakamcheka: bibi huyu na ufagio wake!

"Mama, pumzika, nitafagia mimi," Tsuma alimwambia zaidi ya mara moja.

"Wewe lala, mwanangu," alijibu kwa sauti ya chini. "Lala tu."

Akafagia miaka na miaka, mpaka ufagio ukamwanguka mkononi. Wakamzika ubavuni mwa Sefu.

Asubuhi ya pili yake Tsuma akaamka, akachukua ufagio wa mama, akatoka. Makaburi yalikuwa mawili sasa. Na juu ya kila moja, upande wa kichwani, palikuwa na pande la mate mekundu, povu halijapasuka. Kinyaa kikamshika. Nani mshenzi huyu? Katika nyumba ile hapakuwa na mla tambuu hata mmoja.

Akaona nyayo mchangani. Mtu mmoja, miguu mitupu, kwenda na kurudi. Akazifuata kwa hasira na ufagio mkononi, zikamfikisha mlangoni kwake mwenyewe.

Akakanyaga unyayo wa mwisho. Mguu wake ukaenea sawasawa.

Alisimama pale mpaka jua likatoka. Kisha akapitisha ulimi kwenye meno, na kwenye jino la nyuma ukagota kipande cha popoo.