Uzi Mweupe Juu ya Risasi

Mikono miwili iliukamata mkoba mmoja kwa wakati mmoja.

Ilikuwa Jumanne asubuhi pale mnadani Mlango Mmoja, mitumba imemwagwa juu ya maturubai, wauzaji wamepanda kwenye stuli wanaimba bei mpaka sauti zimekauka. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Machibya, fundi wa Igoma, kijana mwembamba mwenye shati jeupe lililonyooshwa mpaka kola inakata shingo. Wa pili ulikuwa wa dada aliyevaa gauni la kitenge cha rangi ya chungwa, kiuno kimebanwa, nywele kasuka zote kurudi nyuma kama mtu anayekwenda kugombana na upepo.

"Dada, achia."

"Niachie kwa nini? Mimi nimeuona kabla hujafika."

"Siutaki mkoba. Nataka mkufu wake tu."

Dada akautazama mkufu. Ulikuwa wa punje ndogo za chuma zilizoungana, ule ambao watu hufungia funguo. Kisha akamtazama Machibya kuanzia viatu hadi kola.

"Mkoba bila mkufu ni sahani, kaka yangu. Nitaubebea kichwani?"

"Utaweka kamba."

"Kamba weka wewe, kwenye hiyo suruali inayoshuka."

Wanunuzi wakaangua kicheko. Machibya alikuwa mtu ambaye hakupenda kuchekwa hata na watoto wa dada yake. Masikio yakamwaka moto, akavuta kwa nguvu. Mkufu ukakatika, punje zikatapakaa kwenye matope, na wote wawili wakajikuta wamepiga magoti wanaokota, vichwa vinakaribia kugongana.

"Sasa niambie," dada akasema, safari hii kwa sauti ya chini, "mwanaume mzima unataka shanga za nini?"

Machibya akatoa kiberiti mfukoni, akakifungua. Ndani hamkuwa na njiti. Kulikuwa na ndoana ndogo iliyovishwa manyoya ya ndama, yenye rangi ya mchanga, na mbele kabisa macho mawili ya chuma. Ungeapa ni uduvi anayetaka kuruka.

"Umeitengeneza wewe?"

"Kwa mkono huu." Akauinua wa kushoto.

"Basi chukua mkufu," dada akasema. "Lakini unanidai kamba. Naitwa Odeta."

"Wewe ndiye unayenidai."

"Ndivyo nilivyosema. Usibishane na kila kitu."

Hivyo ndivyo walivyoanza, na ingekuwa vizuri kama Machibya angelishika hilo neno la mwisho.

Karakana ya Igoma, ambako Machibya alikuwa fundi mkuu, ilikuwa ya Bi Moza, mama wa mjini mwenye asili ya pwani, na kazi yake ilikuwa hiyo moja: kufunga chambo za manyoya kwa ajili ya wageni wanaovua huko baharini, kwenye maji mafupi ya visiwani. Samaki wanayemtafuta wanamwita bonfishi, mweupe kama kijiko kipya, mwoga kuliko paa. Hula uduvi mchangani, kichwa chini, mkia nje ya maji. Chambo ikimwangukia kwa kishindo, kundi zima linatoweka. Ikiwa nyepesi mno kwenye maji marefu, inaelea juu ya kichwa chake naye hana habari.

Kwa hiyo chambo zote zilifanana kwa nje, tofauti ilikuwa tumboni. Nyingine hazikuwa na kitu. Nyingine zilizungushiwa waya mzito wa risasi mara nane chini ya manyoya, nyingine mara kumi na sita. Jicho haliwezi kuuona waya huo, ndiyo maana kila fundi alimalizia kichwa cha chambo kwa uzi wenye rangi ya uzito wake. Mweupe kwa maji ya kifundoni, waridi kwa maji ya magotini, chungwa kwa maji ya mapajani. Mchambuzi husoma uzi, anaweka kwenye boksi, kazi imekwisha.

Mchambuzi alipoolewa akahamia Geita, Machibya akamleta Odeta. Kwa miezi saba meza zao zilitazamana.

"Mpenzi, hii umeifunga ukiwa na njaa," Odeta angesema, ameinua chambo moja kwenye mwanga. "Imekonda kama wewe."

"Kula hiyo, mimi nitakula ugali wako."

"Ugali wangu una mahari."

Masele, fundi wa meza ya pili, aliwaambia wakachumbiane nje, hapa watu wana ndoana mikononi.

Ndipo ikaja Jumamosi ile. Machibya alikuwa akimalizia chambo nzito, zimebaki sitini, uzi wa chungwa ukamwishia. Duka limefungwa. Akachukua uzi mweupe, akamalizia sitini zote, akaziweka kwenye kopo la peke yake. Nitamwambia Odeta, akasema moyoni. Odeta alipoingia alikuwa amevaa lile gauni la chungwa, amejipaka mafuta yanayonukia karafuu, na kabla Machibya hajafungua mdomo akasema, "Nimeongea na shangazi. Wazee wako waje kwake Butimba. Nimekubali."

Machibya alisahau kopo. Angelisahau hata jina lake.

Wiki tatu baadaye simu ya Bi Moza ililia saa tano asubuhi. Alikuwa Nurdin, anayewaongoza wageni kule kisiwani, na alikuwa anafoka mpaka Bi Moza akaiweka simu mezani, kila mtu asikie.

"Bi Moza, mmenitia aibu. Nimempeleka mgeni kwenye maji ya kifundoni, samaki mia wanakula mikia juu. Nikampa chambo kutoka boksi jepesi. Ikatua kama jiwe. Nikampa ya pili, jiwe. Siku nne, mama. Mgeni ameondoka hajagusa hata mmoja. Mimi na nyinyi basi." Mawimbi yakavuma kwenye simu, laini ikakatika.

Machibya akainuka. Hasira yake haikuwahi kujua njia ndefu, ilikuwa kifuani na sasa ilikuwa mdomoni.

"Odeta. Macho yako yalikuwa wapi?"

"Nilisoma uzi," Odeta akajibu. "Ninachokiweka kwenye boksi jepesi kina uzi mweupe."

"Mimi sifungi uzi mweupe kwenye chambo nzito. Sijawahi."

"Basi mpigie Nurdin tena, umuulize uzi una rangi gani."

"Nimuulize mteja swali la kipumbavu? Ili ajue nimeweka mtu asiyejua nyeupe na chungwa?" Akapiga meza, ndoana zikaruka. "Kosa ni langu. Nilimwokota mtu mnadani pamoja na mitumba, nikadhani nimepata mfanyakazi."

Odeta alifungua aproni polepole, akaikunja mara nne kama mtu anayekunja nguo ya marehemu.

"Machibya," akasema, "umelisema mbele ya watu." Akachukua mkoba wake, ule wa Mlango Mmoja, wenye kamba ya katani badala ya mkufu, akatoka. Bi Moza alitaka kumwita, lakini fundi mkuu ndiye aliyekuwa amesema, na neno la fundi mkuu pale ndani lilikuwa ndilo neno.

Siku tisa Machibya alifanya kazi amekunja uso. Wazee wake wakauliza safari ya Butimba, akawajibu wasubiri. Masele alipojaribu kusema, "Kaka, ungempigia tu Nurdin," alimtazama mpaka Masele akarudi kwenye jiliwa lake la kubania ndoana.

Siku ya kumi boksi la Nurdin likarudi kwa basi. Machibya alilichukua mwenyewe stendi, akaenda nalo nyumbani Ilemela, akakaa juu ya jiwe nyuma ya chumba chake mchana kweupe, na wembe. Alitaka ushahidi. Alitaka kuukuta uzi wa chungwa ndani ya boksi jepesi, ampelekee Odeta, amwambie soma.

Chambo ya kwanza ilikuwa na uzi mweupe. Ya pili nyeupe. Zote sitini, nyeupe.

Akaipasua moja. Manyoya yakaanguka, waya wa risasi ukatokeza unang'aa. Akahesabu mizunguko: kumi na sita. Halafu akaona jambo ambalo lilimfanya ashushe wembe. Waya ulizunguka kuelekea kwake. Masele na mafundi wengine wote hutumia mkono wa kulia, waya wao huzunguka kwenda mbele. Mkono mmoja tu pale karakana ndio ungeweza kuzungusha hivi, na mkono huo, wa kushoto, ulikuwa wake.

Kopo, akakumbuka. Lile kopo.

Alimpigia Odeta mara tano. Mara ya sita akapokea.

"Sema."

"Nilikosea mimi. Uzi wa chungwa uliniishia, nikafungia mweupe, nikasahau kukuambia. Siku ile uliponiambia umekubali."

"Kwa hiyo ni mimi tena, nilikubali vibaya."

"Sikusema hivyo. Nisamehe, mama."

"Usiniite mama. Ulinitukana mbele ya watu wanne, unataka kuniomba radhi sikioni? Umewaambia?"

"Nitawaambia."

"Ulikuwa na sauti kubwa siku ile. Itafute." Simu ikakatika.

Alilala na hilo neno. Alijikasirikia, akamkasirikia Odeta, akaukasirikia uzi. Boksi lilikuwa chini ya kitanda, na ziwa lilikuwa hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake. Angeweza kulitupa, na hakuna ambaye angejua kitu zaidi ya Odeta. Asubuhi alilibeba kwapani akaenda nalo Igoma.

"Shikamoo Bi Moza. Naomba umwite Odeta. Hawezi kuja kwa wito wangu mimi."

"Marahaba. Nimwite umfanye nini? Umwongezee matusi?"

"Umwite tu, mama."

Odeta alikuja saa nane. Gauni la chungwa, mkoba wenye kamba begani, uso umefungwa kama duka la siku ya msiba. Hakuingia. Alisimama mlangoni.

Machibya akainuka palepale alipoinukia siku ile. "Chambo zilizomwaibisha Nurdin nilizifunga mimi," akasema, kisha akaanza upya kwa sauti kubwa zaidi. "Nilizifunga mimi, kwa uzi mweupe, kwa sababu wa chungwa ulikwisha, na sikumwambia mtu. Odeta alisoma uzi sawasawa. Nilimtukana bure. Mnadani sikumwokota mtu; mimi mwenyewe nilipiga magoti kwenye matope."

Masele akainamia jiliwa lake. Bi Moza alikuwa anamwangalia Odeta tu.

"Mpigie Nurdin," Odeta akasema.

"Odeta, boksi hili hapa, kila mtu anaona."

"Muulize lile swali la kipumbavu. Weka sauti juu."

Machibya akapiga. Nurdin akapokea, bado ana kinyongo.

"Nurdin, ni Machibya. Zile chambo, uzi wake ulikuwa wa rangi gani?"

"Mweupe, fundi. Wote mweupe. Mngeniuliza siku ile ningewaambia. Nani aliyefunga?"

Machibya akafumba macho. "Mimi."

"Basi nifungie nyingine," Nurdin akasema. "Na safari hii niambie kabla, si baada."

Hapo ndipo Odeta akaingia. Hakwenda kwa Machibya. Alichukua beseni, akajaza maji ya bombani, akaliweka juu ya meza yake, akaanza kudondosha chambo moja moja kutoka urefu wa shubiri, ameinamisha sikio. Nyepesi ilitua bila sauti. Nzito ikatua, chubwi.

"Kuanzia leo sisomi uzi peke yake," akamwambia Bi Moza. "Nasikiliza maji pia. Fundi anaweza kukosea, hata mkuu."

"Kazi ni yako," Bi Moza akasema.

Machibya alisogea, akasimama upande wa pili wa beseni. "Na wazee? Niwaambie nini?"

Odeta hakutabasamu. Aliokota chambo moja kati ya zile sitini, nzito yenye kichwa cheupe, akaichomeka ndoana yake kwenye kamba ya mkoba, pale ambapo kila mtu angeiona.

"Hii nitatembea nayo. Siku ukinipandishia sauti mbele ya watu, sitajibu. Nitakuonyesha hii tu, halafu naondoka, na sitarudi."

"Nimesikia."

"Bado nina hasira, Machibya. Sijui itaisha lini."

"Nitasubiri."

"Hujui kusubiri. Utajifunza." Akadondosha chambo nyingine, akasikiliza, akaiweka kwenye boksi lake. "Waambie waje mwisho wa mwezi ujao. Na waje na mkufu wangu."

"Odeta, ule mkufu ulikwisha. Punje zote zimekuwa macho ya chambo, ziko baharini."

"Basi Jumanne nenda Mlango Mmoja," akasema, "ukapige magoti tena."