Kafara za Nguzo ya Saba

Kaa-chuma alikuwa mashine yenye miguu kumi na miwili, macho manne na pipa la rangi tumboni. Alipanda na kushuka nguzo za Mji wa Msangajuu kama yuko kwao, akipiga brashi kila penye doa. Mji wenyewe ulisimama baharini, mbali na pwani ya Mtwara: watu elfu tisa juu ya nguzo sitini za chuma. Na kutu ya bahari ile, jamani! Ukisahau msumari mezani asubuhi, jioni unakuta doa tu, nalo linakutazama kwa njaa.

Bi Somoe Nampuwa, fundi mkuu wa nguzo, alijivunia jambo moja: kwa miaka thelathini kutu ile haikuonja nguzo yake hata moja. Sasa sindano ya kipimakutu cha nguzo ya saba ilikuwa kwenye nyekundu. Wakaguzi walibakiza siku nne kufika. Wakiikuta hapo, mji unafungwa, watu wote wanarudishwa bara.

"Nani kagusa kafara zangu?" akauliza.

Mhandisi Mtopela, mkuu mpya wa mji, alikohoa. "Mama, yale madonge ya zinki ya nguzoni yalikuwa yameliwa-liwa, yanatia aibu. Na sherehe ya kuzindua nembo ya mji ndiyo hiyo inakuja. Nikamwandikia kaa-chuma kwamba ni vidonda, akayapaka rangi. Yamependeza!"

"Umemvalisha koti mtu anayeoga! Ulisomea wapi wewe, duka la rangi?"

Bi Somoe akavaa vazi la kuzamia, akashuka na brashi ya waya. Akakwangua donge la kwanza, la pili, la tatu. Kugeuka, kaa-chuma yuko nyuma yake, anayapaka upya.

"Nimeona vidonda, naziba," akasema kaa-chuma kwa adabu.

"Si vidonda, mwanangu. Ni kafara."

"Kafara ni nini?"

"Zinki ni nyepesi kuliko chuma kuachia elektroni zake. Bahari ikija na njaa, zinki inatangulia: nile mimi. Maadamu imeshikana na nguzo na maji yanaigusa, chuma kinasalimika. Ukiipaka rangi, bahari haiipati. Inakwenda kuuma chuma penye mkwaruzo."

Macho manne yakazima, yakawaka. "Kwa hiyo kuliwa ndiyo kazi yake? Nami nilikuwa naionea huruma!"

"Lilikupotosha neno tu."

Bi Somoe akafuta *kidonda* kwenye kumbukumbu ya mashine, akaandika *kafara*. Wakakwangua pamoja. Siku ya tatu sindano ikatetemeka, ikarudi kwenye kijani. Wakaguzi wakaja, wakapima, wakatia saini.

Siku ya sherehe Mtopela alimsogelea Bi Somoe. "Mama, kwa ajili ya picha, ungevaa glavu?"

Akavaa. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa chumvi ya miaka thelathini, viwili havikuwa na kucha.

Pazia lilipofunguliwa, badala ya nembo inayong'aa, wageni waliona donge la zinki lililoliwa hadi kwenye mfupa wake wa chuma. Kaa-chuma, aliyeliweka hapo, alikuwa amesimama kando yake, amejaa fahari.

"Hii ililiwa na bahari ili ninyi mlale," akatangaza.

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Bi Somoe akavua glavu apige makofi. Kaa-chuma akaviona vile vidole, akainua brashi, kisha akasita.

"Kidonda au kafara?"

Bi Somoe akacheka mpaka machozi. "Andika kafara. Na ole wako unipake rangi!"