Solo ya Mashavu

Rafiki yangu Mashavu, mwoga kuliko mimi kwa mbali, hupiga tromboni, lile tarumbeta la kuvuta, kwenye bendi kubwa ya jazi. Walikuwa wakiandaa onyesho la muziki na picha za ukutani kuhusu njama za siri, eti kuna watu wanatusikiliza. Mashavu aliicheka habari hiyo mpaka basi.

Mchana mmoja kiongozi wa bendi akamwambia, "Kaka, ukikosea solo tena, kiti nampa mwingine."

Mashavu akaifungia tromboni kwenye kasha, akaliacha ukumbini, akaenda kula. Aliporudi, ukumbi ulikuwa giza, na solo yake, kile kipande cha kupiga peke yake, ilikuwa ikipigwa bila kosa hata moja.

"Anayekitaka kiti changu nimeshamjua," alisema. "Toka huko."

Muziki ukakatika. Akawasha taa, asione mtu. Ufunguo wa kasha alikuwa nao shingoni. Akafungua kasha. Mdomo wa tromboni ulikuwa na joto, na mate yalikuwa bado yakidondoka.